Mchezo wa Kuigiza Unaomgusa Mtu ni Upi?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Matwebe, Wilaya ya Rungwe)



 Naona mvua imetusubiri mpaka tumekwisha kula, nayo ni hisani kubwa kwa mvua ya Rungwe.

Nimeambiwa kwamba tangazo lililobandikwa ubaoni lilisema nitazungumza juu ya "michezo". Nilipofika langoni asubuhi, kijana mmoja akaniuliza kwa adabu kama mimi ni mmoja wa wale waliochezea Tukuyu Stars iliyotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986. Kusema kweli, nilitamani kuitika. Lakini michezo niliyoombwa kuizungumzia si ya mpira, ni ya kuigiza: ile ya redioni, ya televisheni, ya sinema, na hii ambayo siku hizi mnaitazama katika simu mkiwa mmejifunika blanketi. Wala mimi si mtaalamu wake. Sijapata kutunga mchezo, na mara moja tu nilipopewa nafasi ya kuigiza katika ukumbi huu, nilikuwa askari mwenye mkuki asiye na neno la kusema. Mimi ni msikilizaji na mtazamaji tu. Lakini mla chakula naye anayo haki ya kusema kama kimeiva au hakikuiva, hata kama hajui kupika.

Swali ninalotaka tulitazame pamoja ni hili: mchezo unaomgusa mtu kwa kweli ni upi? Aghalabu nikiwauliza vijana, hunijibu kwamba mchezo mzuri ni ule uliowaliza. Nami nasema kulia peke yake hakutoshi. Nitaeleza kwa nini.

Sisi wa rika langu tulilelewa na redio. Zanzibar walipata televisheni tangu mwaka 1973, lakini huku Bara tulikaa bila ya kituo chetu mpaka mwaka 1994, na hata hapo iliwachukua watu wa huku kwetu muda mrefu kuiona. Basi ukumbi wetu wa michezo ulikuwa ni baraza ya mwenye duka, na jukwaa lilikuwa ni redio ya betri iliyowekwa juu ya gunia la chumvi. Betri zikilegea, tulizianika juani zipate nguvu kidogo. Na ninyi nyote mnajua jua la Tukuyu lilivyo la kuazima. Mara nyingi mchezo ulifika mahali patamu, sauti ikafifia kama mtu anayezama majini, na kila mmoja wetu akaenda kulala na mwisho wake alioubuni mwenyewe.

Redio Tanzania Dar es Salaam ilituchekesha sana. Pwagu na Pwaguzi, wale wawili waliokuwa hodari wa kudanganya na hodari zaidi wa kudanganyana, waliwafanya wazee wazima wajishike mbavu. Siidharau michezo ya namna hiyo hata kidogo. Kicheko ni dawa, na mtu aliyeshinda akichuma chai katika mvua anakihitaji. Lakini Pwagu tulimcheka leo, na kesho tulimcheka tena yule yule. Hakubadilika, wala hatukumtaka abadilike. Hatukujiuliza usiku analala vipi.

Mwezi wa Julai mwaka 1993 ukaanza mchezo wa namna nyingine. Jina lake ni Twende na Wakati, ukasikika mara mbili kwa wiki. Wazee mnaukumbuka. Kwa faida ya vijana nitaeleza kwa ufupi. Alikuwamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mtu wa maneno mengi, mlevi, mwenye wanawake katika kila kituo cha safari yake. Nyumbani alikuwa na mke aitwaye Tunu, ambaye mwanzoni alivumilia yote. Mwisho Tunu akachoka. Akamwacha Mkwaju, akaanzisha biashara yake ndogo ili ajikimu yeye na watoto wake. Mkwaju akaendelea na mambo yake mpaka akapata ukimwi.

Fikirini, ndugu zangu, maana ya hadithi hiyo kwa watu wa wilaya hii. Barabara inayotoka Uyole hupita katikati ya Tukuyu kwenda mpakani Kasumulu, na malori ya kwenda na kutoka Malawi hupita mchana na usiku. Sisi hatukuhitaji kuelezwa Mkwaju ni nani. Tulimjua; alikuwa akituuzia mafuta ya taa na kutupa lifti. Na miaka ile Mkoa wa Mbeya ulikuwa katika mikoa iliyopigwa vibaya na ukimwi. Tulikuwa tunazika, na tulipokuwa tunazika tulisema marehemu alirogwa, au alikuwa na kifua. Neno lenyewe halikutajwa.

Hapo ndipo lilipo jambo langu, nalo si la kujivunia.

Tulikuwa naye mwenzetu mmoja aliyesoma hapa. Jina lake silitaji, maana watoto wake wapo. Tulilala bweni moja miaka minne. Kitanda chake kilikuwa juu, changu chini. Alipomaliza shule alianza kazi ya utingo, baadaye akashika usukani mwenyewe. Alikuwa kijana mkarimu mno. Akirudi safari, baraza yote ilikunywa kwa fedha yake. Jioni moja tulikuwa tunasikiliza Twende na Wakati, na Mkwaju alikuwa katika vituko vyake, nasi tunaangua vicheko. Yeye akasema, "Izimeni hiyo." Tukadhani anatania. Tukacheka zaidi, na mmoja wetu akamwita "Bwana Mkwaju". Akaondoka bila ya kuaga.

Baadaye akaugua. Akaacha kazi, akarudi kwa mama yake. Nyumba ya mama yake ilikuwa kando ya njia niliyoipita kila siku nikienda kazini, na mlango ulikuwa ukiuona. Ndugu Mwenyekiti, nilipita mbele ya mlango ule kwa muda wa miezi mitatu bila ya kugonga. Nilijiambia nina haraka. Nilijiambia nitakwenda Jumapili. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na tena niliogopa, na ndani kabisa ya moyo wangu niliona kwamba amejitakia.

Wakati huo huo hadithi ya redioni ikafika mahali pa Mkwaju naye kuugua. Yule tuliyemcheka akaanza kukohoa. Sauti iliyokuwa ya majigambo ikawa sauti ya mtu anayeomba maji. Barazani tukawa kimya. Nilijikuta nikiharakisha kumaliza kazi ili nisikose kipindi. Nikimkuta mtu aliyesikiliza siku niliyokosa, neno langu la kwanza lilikuwa, "Mkwaju anaendeleaje?"

Asubuhi moja nilimwuliza hivyo mwenye duka, naye akanijibu habari za Mkwaju, kisha akaniuliza bila ya hila yoyote, "Na yule mwenzako wa shule, naye anaendeleaje?" Sikuwa na jibu. Nilijua habari za mtu ambaye hakuwapo duniani, na sikujua habari za mtu niliyekula naye ugali wa shule sahani moja.

Jioni ile niliingia. Mama yake alinifungulia akasema, "Ndaga, mwanangu," basi, hakuongeza neno. Mwenzangu alikuwa amekonda hata sikumtambua, lakini yeye alinitambua. Nilikaa. Sikujua niseme nini. Mwisho ni yeye aliyenisaidia. Akaniuliza, "Siku hizi sina betri. Hebu niambie, Tunu na biashara yake wamefikia wapi?"

Kumbe muda wote ule alikuwa akisikiliza peke yake. Sisi tulikuwa tukimcheka Mkwaju, na yeye alikuwa akimtazamia Tunu. Tangu siku hiyo nilikwenda na redio yangu kila siku ya mchezo, tukasikiliza pamoja mpaka alipofariki. Hatukuzungumza sana juu ya ugonjwa wake. Tulizungumza juu ya Mkwaju, na katika kumzungumza Mkwaju tulisema yote.

Nimewaeleza haya ili mjue kipimo changu cha mchezo nimekipata wapi. Mchezo unaogusa ni ule unaokurudisha kwa jirani yako ukiwa na macho mengine. Ukinitoa machozi, kisha ukaniacha nikipita mlangoni kwa mgonjwa kama nilivyokuwa nikipita jana, umenilowesha uso tu.

Sasa, kwa nini mchezo ule uliweza? Nimeufikiri kwa miaka mingi, nami naona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni muda. Hadithi haikumalizwa kwa saa moja. Ilikwenda kwa miezi na miaka, kama maisha yanavyokwenda, hata makosa ya mtu yakapata nafasi ya kukomaa na kuzaa matunda yake. Mtu huwezi kumjua kwa siku moja.

Sababu ya pili ni kwamba mkosaji hakugeuzwa shetani. Mkwaju alikuwa mkosaji kweli, wala watungaji hawakumtetea. Lakini alikuwa mcheshi, alikuwa na njaa, alikuwa na hofu. Laiti wangemfanya katili mtupu, tungemlaani na kulala usingizi. Walitufanya tumpende kidogo, na kwa hiyo alipoanguka tukaumia.

Sababu ya tatu ni Tunu. Katika mchezo alikuwamo mtu anayebadilika, tena polepole, kwa mashaka, akisonga hatua mbili na kurudi moja. Hili halikutokea kwa bahati. Katika miaka ya 1970 mtungaji mmoja wa Mexico, Miguel Sabido, aliandaa michezo ya televisheni kwa kanuni ya kwamba wawepo watu wa aina tatu: mwema wa kuigwa, mbaya wa kuepukwa, na wa katikati, ambaye moyo wake unavutwa huku na huku. Huyo wa tatu ndiye mtazamaji mwenyewe. Jirani zetu wa Kenya walijaribu kanuni hiyo mwaka 1987 kwa Tushauriane katika televisheni na Ushikwapo Shikamana redioni. Kisha ikaja kwetu.

Pengine mtasema haya ni maneno ya shabiki. Basi sikilizeni. Tangu 1993 hadi 1995 mchezo huu kwa makusudi haukurushwa na mtambo wa Dodoma. Wasikilizaji wa huko walipewa vipindi vingine, ili watafiti waweze kulinganisha. Wakaona kwamba mahali ulikosikika, watu walieleza kupunguza idadi ya wapenzi na kuongeza matumizi ya kondomu, na waliokwenda zahanati kwa ajili ya uzazi wa majira waliongezeka kuliko Dodoma. Mwaka 1995 watu wa Dodoma nao wakafunguliwa. Mabango ya "Jihadhari" yalikuwapo nchi nzima. Lakini bango huliulizi hali yake asubuhi, na Mkwaju tulimwuliza.

Nakuja kwenye machozi. Wengi wetu hapa tulisoma tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare, iliyotoka mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mnakumbuka Mark Antony alivyosimama mbele ya maiti. Aliwaonyesha watu vazi lililotobolewa kwa visu, akawatajia wosia, akawaliza mpaka wakapagawa. Kisha wakafanya nini? Wakaenda kuchoma nyumba za watu, na njiani wakamwua Cinna mshairi, asiye na hatia yoyote isipokuwa kuwa na jina moja na mmoja wa wale waliokula njama. Machozi yao yalikuwa ya kweli, lakini hakuna mmoja wao aliyekuwa amemjua mtu yeyote zaidi ya alivyomjua kabla ya kulia. Ndiyo maana nawaambia vijana: anayejua kukuliza anajua pia kukutumia.

Siku hizi michezo ni mingi, nami nafurahi. Tangu filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, vijana wetu wamefanya kazi kubwa kwa fedha kidogo. Tamthiliya kama Huba na Jua Kali zimewakalisha watu wazima mbele ya televisheni kama tulivyokaa sisi barazani. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, umati uliofurika viwanja vya Leaders Club, Dar es Salaam, kumwaga ulinishangaza. Waliolia pale wengi hawakupata kumshika mkono. Wapo waliowabeza. Mimi sikuwabeza, maana nilikumbuka baraza yetu. Mtu akiingia nyumbani kwako kila jioni kwa miaka, akifa umefiwa.

Lakini michezo mingi ninayoiona, sitaitaja majina, inaharakisha. Mke hajakaa vizuri katika kiti, mume amekwisha leta mke mwingine. Kinanda kinaanza kulia kabla ya mtu. Mama mkwe ni mchawi kwa sababu tu ni mama mkwe. Tunapewa kilio cha dakika tano cha mtu ambaye hatukupewa hata dakika moja ya kumjua. Ni kama kualikwa matanga ya ukoo usioujua: unalia kwa adabu, unakula, unaondoka.

Wapo wanaojua kusubiri. Tazameni filamu ya Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, aliyoiongoza Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999. Ni hadithi ya Unguja wakati wa ukoloni: Yasmin, msichana aliyeikimbia ndoa na mwanamume mzee, na Denge, kijana anayepigania uhuru. Wanatazamana muda mrefu bila ya kusema. Kijana niliyekaa naye alinong'ona, "Mbona hawaongei?" Nikamwambia, "Tulia, wanaongea."

Ndugu zangu, sisi wa huku tusiambiwe kwamba mambo ya moyo ni mageni kwetu. Godfrey Wilson na mkewe Monica, walioishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika kwa urefu juu ya misiba yetu: wanawake wakiomboleza kwa sauti, na wanaume wakicheza ngoma pale pale. Mgeni akiona husema, mbona watu hawa wanacheza penye kifo? Lakini wazee walijua kwamba huzuni ina zaidi ya mlango mmoja. Remmy Ongala, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2010, alipiga wimbo wa Kifo, na watu wakaucheza. Hakuna aliyedhani wanafanya mzaha.

Hapa shuleni lakini tulifundishana jambo jingine. Mvulana aliyelia bwenini alipewa jina la kike, likamfuata mpaka mtihani wa mwisho. Tukajifunza kuificha huzuni kwa kicheko. Nadhani kicheko kile cha barazani, tulipomwita mwenzetu "Bwana Mkwaju", tulikianzia hapa, katika mabweni haya. Nawaomba vijana msikirithi.

Basi, kwa wale mnaotazama, nawaachieni maswali matatu ya kujiuliza mchezo ukiisha. Je, mkosaji nimemwelewa, au nimemchukia tu? Je, yupo aliyebadilika, na nimeona alivyobadilika? Je, yuko mtu ninayemjua ambaye sasa nitamsalimu kwa namna nyingine? La tatu ndilo kubwa. Na kwa ninyi wa kikundi cha maigizo, mliotuchezea asubuhi: mlicheza vizuri. Yule baba mlevi alituchekesha sote. Mwaka ujao tuonyesheni pia anavyoamka asubuhi, nyumba ikiwa kimya, anatafuta kiatu kimoja, na mtoto wake anamtazama.

Nyumba ya mama yake mwenzetu bado ipo kando ya njia, ingawa mama mwenyewe ametangulia. Redio ile ninayo, ingawa haisemi tena. Kila nikipita pale hukumbuka ile miezi mitatu, na hukumbuka pia kwamba mwishowe niligonga. Sikugonga kwa sababu ya hekima yangu. Nilisukumwa na dereva wa lori aliyetungwa na watu, na mwenye duka aliyeuliza swali.

Ndugu Mwenyekiti, mvua naisikia inakuja. Nisiwacheleweshe.